Upepo Wenye Mwenyewe

Mnamo Julai 1887, katika kijiji cha Marykirk huko Scotland, mwalimu wa chuo James Blyth alisimamisha mtambo wa upepo kwenye bustani ya nyumba yake ya likizo. Mapanga yake yalivikwa kitambaa, kama tanga la jahazi. Upepo ukavuma, mtambo ukajaza betri, betri zikawasha taa ndani ya nyumba. Umeme ulipozidi, Blyth akawaambia wanakijiji kwamba yuko tayari kuwawashia taa za barabara kuu, tena bure. Wakakataa. Taa za namna hiyo, walisema, ni kazi ya shetani.

Hadithi ya umeme wa upepo inaanzia hapo, kwa zawadi iliyokosa wa kuipokea. Katika miaka mia na ushee iliyofuata mambo yaligeuka: wapokeaji walijaa mlangoni, na mwenye nyumba akawa anauliza kila mmoja amekuja na nini mkononi. Miaka minne tu baada ya kukataliwa, Blyth mwenyewe alichukua hataza ya mtambo wake.

Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na dola. Mvumbuzi anaandika hadharani kifaa chake kinavyofanya kazi. Dola nayo inamlinda kwa muda, siku hizi miaka 20 tangu siku ya maombi, mtu mwingine asikitengeneze wala kukiuza bila idhini yake. Ulinzi huo unaishia mpakani. Hataza iliyotolewa Washington haina nguvu Namanga, ila kama mwenye nayo aliomba pia Kenya au Tanzania. Ni jambo dogo, lakini ndilo linalosahauliwa zaidi pale watu wanapobishana nani anaizuia Afrika isipate nishati safi.

Seremala, walimu na mhunzi: Denmark, 1891–1979

Mwaka 1891 mwalimu wa sayansi Poul la Cour alijenga mtambo wa kufua umeme katika shule ya watu wazima ya Askov, Denmark, kwa msaada wa serikali. Hakutosheka na uvumbuzi. Alichapisha matokeo ya majaribio yake, akaanzisha mafunzo ya mafundi umeme wa vijijini, na vijana waliopita mikononi mwake wakasambaa mashambani. Mmoja wao, Johannes Juul, ndiye aliyekuja kujenga mtambo wa Gedser mwaka 1957, akiwa ameshapita umri wa makamo. Ulikuwa na mapanga matatu na nguvu ya kilowati 200, ukafanya kazi miaka kumi hivi. Mafuta ya bei chee yakauzima.

Kisha ikaja 1973. Bei ya mafuta ilipaa, na Denmark ilikuwa ikitegemea mafuta ya kuagiza kwa karibu asilimia 90 ya nishati yake. Mataifa makubwa yaliita makampuni makubwa. Marekani iliwapa kazi NASA na Boeing. Ujerumani ilijenga dude la megawati 3 lililoitwa Growian, likazunguka saa mia chache tu kabla ya kubomolewa.

Denmark iliongozwa na watu wenye vumbi la mbao kwenye nywele. Seremala Christian Riisager alichonga mapanga ya mbao akifuata umbo la Gedser, akatumia mota ya kawaida ya kiwandani kuwa jenereta, akauunganisha mtambo na waya za umeme wa nyumbani kwake. Inasimuliwa kwamba mita ikaanza kuzunguka kinyumenyume. Huko Tvind, walimu na wanafunzi wa shule walianza mwaka 1975 kujenga mtambo wa megawati 2, ambao ulipokamilika mwaka 1978 ulikuwa mkubwa kuliko yote duniani. Walimwaga zege kwa mikono yao. Hawakutaka hataza, aliyetaka kuja kuchora alikaribishwa.

Hapo ndipo ilipo siri ya Denmark, na siri yenyewe ilikuwa kutokuwa na siri. Kalibu za panga dogo la Tvind zilimfikia kijana Erik Grove-Nielsen, naye akaanza kuuza mapanga kwa kila mwenye karakana aliyebisha hodi. Wenye mitambo wakaunda chama mwaka 1978, na jarida lao likawa linachapisha takwimu bila aibu: mtambo wa nani umezalisha kiasi gani, wa nani umevunjika, umevunjika wapi. Fundi aliyekosea huku alimfundisha fundi wa kule bila kutaka. Ni vigumu kufikiria kampuni ya leo ikikubali kuanikwa namna hiyo.

Mhunzi Karl Erik Jørgensen na mwanafunzi Henrik Stiesdal, aliyekuwa na miaka ishirini na ushee, walisanifu mtambo wao katika mazingira hayo. Mwaka 1979 waliuza leseni kwa kampuni ya kijijini Lem iliyokuwa ikitengeneza kreni za malori na zana za kilimo. Kampuni hiyo iliitwa Vestas.

Kijito cha Thika

Miaka ileile, Kenya nayo ilikuwa na jambo lake. Shirika la Uingereza la ITDG, lililoamini katika zana ambazo fundi wa kawaida anaweza kuzitengeneza, lilikuwa limesanifu pampu ya upepo ya kuvuta maji kisimani. Usanifu huo uliingia katika karakana ya Bobs Harries Engineering karibu na Thika, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 karakana hiyo ikawa inatoa pampu zilizopewa jina la Kijito. Mamia yalisimikwa, mengi katika maeneo makavu ambako jina hilo lilikuwa ni ombi pia.

Pampu ya Kijito ilijengwa kwa chuma cha kukata na kuchomelea. Ikiharibika, fundi huona kwa macho kilichoharibika. Huo ni uhawilishaji wa teknolojia katika sura yake nyepesi kabisa: mchoro, karakana, na mikono. Haukuhitaji mkutano Geneva. Lakini pampu huvuta maji. Haifui umeme wa kuingiza kwenye gridi ya taifa, na dunia ilikuwa inaelekea huko.

Hataza namba 5,083,039: 1991–2011

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 California ilitoa nafuu kubwa ya kodi kwa wawekezaji wa upepo, na vilima vya Altamont vikaota mitambo kama mahindi. Maelfu yalitoka Denmark. Nafuu ilipokatwa mwishoni mwa 1985, soko likaporomoka na Vestas ikafilisika mwaka uliofuata, kabla ya kufufuliwa ikiwa imebaki na kazi moja tu ya upepo. Iliyobaki na nguvu Marekani ni kampuni iliyokuja kuitwa Kenetech.

Kenetech ilikuwa na wazo la thamani. Mitambo ya Kidenmark ilizunguka kwa kasi ileile muda wote ili umeme wake ulingane na wa gridi, hivyo kila dhoruba ilipopiga, kishindo kiliishia kwenye giaboksi. Mtambo wa kasi inayobadilika huachia mapanga yakimbie upepo unapozidi, halafu vifaa vya elektroniki vinasafisha umeme kabla haujaingia kwenye gridi. Kenetech iliomba hataza ya namna yake ya kufanya hivyo mwaka 1991, ikapewa mwaka 1992.

Ng'ambo ya bahari, katika mji wa Aurich nchini Ujerumani, mhandisi Aloys Wobben alikuwa na kampuni yake, Enercon, na mtambo mpya usio na giaboksi kabisa, ambao nao kasi yake ilibadilika. Ulipoanza kutafutiwa wateja Texas, Kenetech ilikimbilia Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani. Mwaka 1996 tume ikaamuru mitambo hiyo isiingizwe nchini.

Kichekesho ni kwamba mshindi hakufurahia ushindi. Mei 1996 Kenetech yenyewe ilifilisika. Mitambo yake mipya ilikuwa na kasoro nyingi na madeni yalikuwa mengi zaidi. Karatasi, hata hivyo, haifi na mwenye nayo. Hataza ilinunuliwa na Zond. Zond ikanunuliwa na Enron mwaka 1997. Enron ilipoanguka kwa kashfa, biashara yake ya upepo ikachukuliwa na General Electric mwaka 2002. Warithi wakaendelea pale marehemu alipoishia. Enercon na General Electric walipatana mwaka 2004 kwa kupeana leseni, huyu atumie hataza za yule. Mwaka 2008 zamu ikawa ya Mitsubishi kupelekwa mbele ya tume. Hataza ilimaliza muda wake Februari 2011, ikiwa imeshabadili mikono mara tatu.

Funzo ambalo Enercon ililipata ni la mtu aliyeumwa na nyoka. Ilianza kuomba hataza kwa mamia, kila kona ya dunia iliyokuwa na soko.

Gujarat na Xinjiang, 1989–2010

India ilikuwa mojawapo ya kona hizo. Enercon iliingia ubia huko mwaka 1994. Washirika walikosana katikati ya muongo uliofuata, Wajerumani wakasitisha kupeleka vipuri na teknolojia mpya, na kesi zikafuata. Mwaka 2010 bodi ya rufaa ya miliki bunifu huko Chennai ilifuta zaidi ya hataza kumi za Wobben, ikiona hazikuwa na uvumbuzi wa kutosha. Kule Marekani alizuiwa na hataza ya mwenzake. Huku India zake mwenyewe hazikumfaa.

Wakati hao wakigombana, Mhindi mwingine alichukua njia tofauti. Tulsi Tanti na ndugu zake walikuwa na kiwanda cha nguo Gujarat, na bili ya umeme pamoja na kukatikakatika kwake vilikuwa vinakula faida. Mwaka 1995 walinunua mitambo miwili ya upepo kutoka kampuni ndogo ya Ujerumani, Südwind, na wakapatana wafundishwe kuitengeneza. Biashara ya upepo ikawanogea kuliko ya nguo, wakaunda Suzlon. Südwind ilipofilisika, Suzlon haikupoteza muda: iliajiri wahandisi wake. Baadaye ilifungua ofisi za usanifu Ujerumani na Uholanzi, ikanunua watengenezaji wa giaboksi wa Hansen, Ubelgiji, mwaka 2006. Badala ya kuomba teknolojia ije India, Suzlon iliifuata ilikokuwa ikilala.

China ilianza na msaada. Mwaka 1989, kwa ruzuku ya Denmark, mitambo 13 ya kampuni ya Bonus ilisimikwa Dabancheng, kwenye bonde la upepo mkali la Xinjiang. Waliopewa kazi ya kuitunza waliifungua, wakaifunga, wakaijua. Kutoka kwenye kundi hilo ilizaliwa Goldwind. Ilinunua leseni ya mtambo wa kilowati 600 kutoka kampuni ya Kijerumani ya Jacobs, kisha ya kilowati 750 kutoka REpower. Ikumbukwe kwamba vigogo wa sekta hawakuwa na hamu ya kumuuzia leseni mtu ambaye kesho angeshindana nao. Waliouza ni wadogo, waliohitaji fedha.

Serikali ya China ikaongeza mkono wake: kuanzia 2005 mtambo ulipaswa kuwa na asilimia 70 ya vipuri vilivyotengenezwa nchini, sharti lililoondolewa mwaka 2009 baada ya kufanya kazi yake. Goldwind nayo ilipata mwenza wa kweli, Vensys, kampuni iliyotokana na chuo cha Saarbrücken, wakasanifu pamoja mtambo usio na giaboksi. Mwaka 2008 Goldwind ilinunua asilimia 70 ya Vensys. Mwanafunzi alinunua shule.

Kwenye meza za mikutano, 1992–2010

Mambo hayo yakitendeka viwandani, wanadiplomasia walikuwa na hadithi yao. Mkataba wa mabadiliko ya tabianchi uliopitishwa mwaka 1992 uliyataka mataifa tajiri, katika kifungu cha 4, yachukue kila hatua inayowezekana kuwezesha na kugharimia uhawilishaji wa teknolojia safi. Miaka miwili baadaye, huko Marrakesh, mataifa hayohayo yalitia saini mkataba mwingine, TRIPS, ulioanza kutumika Januari 1995 na kuzifanya hataza za miaka 20 kuwa kanuni ya biashara ya dunia. Nchi maskini kabisa zilipewa muda, na muda huo umeongezwa tena na tena, sasa hadi 2034. Mkataba mmoja ulisema gawaneni. Wa pili ulisema kila mtu na chake.

Mwaka 2001 mkutano wa Doha ulikubali kwamba hataza zisizuie nchi kulinda afya za watu wake. Vita hivyo vilikuwa vya dawa za UKIMWI, na ushindi wake uliwapa watu wa tabianchi wazo: kwa nini isiwe hivyo kwa nishati? Kuelekea mkutano wa Copenhagen wa Desemba 2009, nchi zinazoendelea zilileta mapendekezo ya leseni za lazima, na Bolivia miongoni mwao ilitaka teknolojia za tabianchi zisipewe hataza kabisa. Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikuwa limeshajibu mwezi Juni, kwa kura 432 bila hata moja ya kupinga: mkataba wowote wa tabianchi usiguse miliki bunifu. Kwa bunge lililogawanyika katika karibu kila jambo, ni umoja wa kushangaza.

Rasimu ya Copenhagen ilibeba mapendekezo hayo ya leseni na hataza ndani ya mabano, yaani bila kuafikiwa, na mabano hayo hayakufunguliwa. Mwaka mmoja baadaye huko Cancún uliundwa Mfumo wa Teknolojia, wenye kamati na kituo cha ushauri. Katika maneno ya makubaliano yenyewe miliki bunifu haikutajwa hata mara moja. Na mji yalimojadiliwa hayo mwaka 2009 ulikuwa mji mkuu wa nchi ileile ambayo walimu wake walimwaga zege bila kuomba hataza.

Mtambo uliokataa kuzima, 2011

Februari 2011, kama ilivyotajwa, ile hataza ya kasi inayobadilika ilikufa. Machi 2011 kampuni ya Kichina ya Sinovel, mtengenezaji wa mitambo ya upepo mkubwa kuliko wote nchini mwake wakati huo, ilikataa kupokea shehena ya vifaa kutoka kwa AMSC ya Massachusetts. Hakuna uhusiano wa moja kwa moja kati ya mambo hayo mawili, lakini kuyaweka pamoja kunaonyesha thamani ilikuwa imehamia wapi.

AMSC iliuza mifumo ya umeme na programu ya kompyuta inayouongoza mtambo: lini ugeuke, mapanga yalale kwa pembe gani, ufanyeje gridi ikiyumba. Programu haikuwa hadharani kama hataza. Ilifungwa kwa ufunguo, na Sinovel ndiye aliyekuwa mteja mkubwa kupita wote. Soko la hisa liliposikia shehena imekataliwa, hisa za AMSC zilianguka zaidi ya asilimia 40 kwa siku moja.

Mwezi Juni mafundi wa AMSC walikwenda China kukagua mtambo uliokuwa na programu ya majaribio. Muda wa majaribio ulikuwa umekwisha, kwa hiyo mtambo ulipaswa kuwa umejizima. Waliukuta unazunguka. Walinakili kilichokuwa ndani ya kompyuta yake, wakarudi nacho, na uchunguzi ukawaongoza hadi Klagenfurt, Austria, kwenye kampuni yao tanzu. Mmoja wa wahandisi wao wenyewe alikuwa ameuza programu hiyo. Alikiri, akafungwa. AMSC ilipoteza karibu ajira 700, zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake. Ushahidi ulipatikana hata Massachusetts, katika mitambo minne ya Sinovel iliyosimikwa si mbali na nyumbani kwa AMSC, ikiendeshwa na programu ya wizi. Mwaka 2018 mahakama huko Wisconsin iliitia Sinovel hatiani. Ililipa faini ya dola milioni 1.5 na fidia ya dola milioni 57.5 kwa AMSC. Wakati huo Sinovel yenyewe ilikuwa imeshashuka.

Goldwind, iliyonunua leseni na kumwoa mwalimu wake, ndiyo iliyoendelea kupanda.

Loiyangalani, 2013–2021

Mwaka 2013 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, lilishirikiana na Ofisi ya Hataza ya Ulaya kuhesabu hataza za nishati safi zilizoombwa barani Afrika. Zilikuwa chini ya asilimia moja ya zote duniani, na nyingi ya hizo chache ziliombwa Afrika Kusini. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya teknolojia hiyo haikuwa na ulinzi wowote wa kisheria katika nchi nyingi za Kiafrika. Mlango ulikuwa wazi. Kilichokosekana ni kiwanda, giaboksi, programu na fundi wa kuviunganisha, na hivyo haviandikwi kwenye hati ya hataza.

Kenya ilikuwa na mitambo miwili ya msaada wa Ubelgiji kwenye vilima vya Ngong tangu 1993. Mashariki ya Ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani, ambako upepo husukumwa kwenye mwanya kati ya milima na kuvuma karibu mwaka mzima, kulipangwa kitu cha ukubwa mwingine: mitambo 365 ya Vestas aina ya V52, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310. Kila kipande kilishushwa bandarini Mombasa na kupakiwa kwenye malori. Barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ilibidi ijengwe upya ili mapanga ya mita 25 yaweze kukata kona.

Mitambo ilisimama tayari mwaka 2017. Haikuzalisha kitu. Njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ilikuwa haijakamilika, kwa kuwa mkandarasi wake wa Kihispania, Isolux, alifilisika; makampuni ya Kichina yakaimalizia Septemba 2018. Kwa zaidi ya mwaka, teknolojia bora ya Denmark ilikuwa imeshahawilishwa hadi jangwani, imeshalipiwa, na inasubiri waya. Rais Uhuru Kenyatta aliuzindua mradi Julai 2019. Mkataba wa matengenezo ulibaki kwa Vestas.

Kesi ilikuja, kwa kuwa mahali penye upepo wa thamani kesi haikosi. Haikuhusu programu wala kasi inayobadilika. Wakazi wa Marsabit walikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru wakidai kwamba ekari 150,000 za malisho ya jamii zilikodishwa kwa mradi bila utaratibu wa sheria kufuatwa. Oktoba 2021 majaji walikubaliana nao kwamba hati zilipatikana kinyume cha utaratibu, wakatoa mwaka mmoja zirekebishwe. Shauri halikuishia hapo, na mapanga hayakusimama. Umeme uliendelea kushuka kuelekea Suswa, juu ya vichwa vya ngamia wa watu waliokuwa wakiuliza ardhi iliyo chini ya nguzo hizo ni ya nani.